Maisha ya Kambale, Yaliyosomwa Mbau

Niliondoka Butembo kwa sababu Kambale, mtoto wa baba yangu mdogo, alikufa kwa homa huko Mbau, na ukoo ulinituma kusoma maisha yake kaburini. Kazi hiyo naifanya tangu zamani katika mtaa wetu. Nina daftari na maswali kumi: kuzaliwa, ubatizo, masomo, ndoa, watoto, kazi, na kadhalika. Mwishoni huandika: aliishi vizuri.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda taksi hadi Beni, kisha pikipiki. Mashamba ya kakao kando ya barabara yalikuwa yamemezwa na majani, wenyewe wamekimbia vita. Kwenye kizuizi, askari mmoja, mgeni wa jimbo letu, alifungua daftari langu.

"Papa, uko journaliste?"

"Hapana. Ninaandika maisha ya batu balikufa, tunaisoma ku kaburi."

"Basi andika yangu leo," akasema. "Kesho sijue kama nitakuwa na nafasi."

Saa nne nilifika Mbau. Masika, mjane wa Kambale, alijibu maswali yote bila kulia. Nilikuwa nafunga daftari alipoingia jirani yao Paluku, mmoja wa wachimba kaburi, udongo hadi magotini.

"Papa, uliandika ya bibi yangu?"

Akanieleza habari ya mkewe. Siku kijiji kiliposhambuliwa na waasi, yeye alikuwa sokoni Beni. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, hawezi kukimbia. Kambale ndiye aliyekuwa na pikipiki. Aliwapakia watoto wake, akamwambia mwanamke yule amngojee barabarani. Alifika Beni, hakurudi. Maiti ya mwanamke ilikutwa palepale alipoambiwa angojee.

"Soma ile," Paluku akasema. "Kama hausome, kaburi nitachimba, lakini kumuzika hapana."

"Shemeji, batoto bangu bataishi hapa na jina gani?" Masika akaniuliza. "Aliogopa. Ni mutu gani haogopake?"

Paluku akageuka kwenda mlangoni. Mwishowe Masika akasema, akitazama sakafu, "Basi andika na hii. Toka ile siku hapana alipanda pikipiki tena. Beni alikuwa anaenda kwa miguu, hata akiwa mugonjwa."

Saa nane mchana, kaburini, nilisoma yote mawili: kwamba aliahidi na hakurudi, na kwamba alitembea kwa miguu hadi kufa kwake. Sikusoma kwamba aliishi vizuri. Paluku alichukua beleshi, akatupa udongo wa kwanza. Nilipoaga, Masika hakunipa mkono.

Kesho yake, njiani kurudi, nilipitia maswali yangu kumi. Yote yanauliza mtu alipata nini. Hakuna linalouliza ni nani aliyemngojea. Nadhani wema wa maisha hupimwa hapo, na wengi wetu hatutaki jibu lake lisomwe.

Mwaka wa Ebola, dada yangu aliniomba kutoka Mangina nimpokee Butembo pamoja na watoto wake. Hakuwa mgonjwa bado. Nilimwambia angoje kwanza. Alingoja, akafa, na mimi ndiye niliyesoma maisha yake. Hilo sikulisoma. Naliandika hapa, maana siku yangu ya kuzikwa atasoma mwingine, naye hatajua.