Maji ya Bondeni Aliyoyapeleka Anastasie

Anastasie ni jirani yangu, na kama kuna mtu hapa Mpofi aliyezidisha usafi, ni yeye. Ukifika kwake na viatu vya matope, ataitazama miguu yako kabla ya kuitikia salamu. Alizaliwa Mushaki katika ukoo wa wafugaji, akaolewa huku Walikale na mkulima wa mihogo. Alikuja na ng'ombe mmoja na icyansi ya mama yake, kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa. Mume amekwisha kufariki, ng'ombe ni wajukuu wa yule wa kwanza, lakini icyansi ni ileile. Kila asubuhi anaisuuza, anaifukiza kwa moshi wa majani, kisha anaipaka siagi ndani. Sahani zangu hazijawahi kuheshimiwa hivyo.

Mwaka huu binti yake Nishimwe alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Muuguzi alisema malaria, shangazi alisema husuda, na mimi, kwa kuwa kila mtu alikuwa na lake la kusema, nikasema kazi nzito. Kisha tukasikia kwamba wachimbaji wa dhahabu kule juu wanakamata vumbi la dhahabu kwa zebaki, ambayo sisi tunaiita mercure, na kwamba mabaki yake yanashuka na kijito tunachokunywa. Anastasie akaingiwa na hofu. Akamkataza Nishimwe maji ya kijito, akawa anapanda mwenyewe hadi chemchemi ya kilimani, bidoni ya plastiki mgongoni, kamba kwenye paji la uso, magoti yakimlalamikia njia nzima.

Ndipo alipofika Olga, mtafiti kutoka Goma, msichana mpole wa miwani. Alikuwa na vipande vya karatasi vilivyopakwa punje ndogo mno, ndogo hata jicho haliwezi kuziona, na kitochi cha mwanga wa zambarau. Unadondosha maji kwenye karatasi, unaimulika chini ya kitambaa cheusi, unachungulia.

"Karatasi ikiwaka bleu, rangi ya mbingu, maji iko muzuri," alituambia. "Ikizimika, mercure iko ndani."

Hapo tukachanganyikiwa wote.

"Dada, kitu chenye kinawaka njo kibaya," alibisha Papa Mbonigaba, mwenye pikipiki, ambayo yeye huiita moto. "Ata kwa moto yangu, kale kataa kekundu kakiwaka, unasimama."

"Apa iko kinyume, Papa. Mercure inazima zile punje."

Papa Mbonigaba alitikisa kichwa kukataa. Mimi nilitikisa changu kukubali, ingawa sikuwa nimeelewa zaidi yake.

Chupa za Olga hazikutosha, kwa hiyo akaomba kila mtaa ulete maji yake katika chombo kisafi kabisa. Sisi wa bondeni tulimtuma Anastasie. Tungemtuma nani mwingine? Nilimkuta jikoni kwake ameshika kiuno, hajui achukue nini. Bidoni zake zilikuwa za mafuta ya mawese zamani, sufuria ilikuwa na masizi. Akainua macho kwenye icyansi. Kwao maji hayachotwi kwa chombo cha maziwa, ni kumvunjia ng'ombe heshima.

"Lakini ni kwa ajili ya mujukuu," aliniambia, akaiteremsha, akaenda kijitoni.

Karatasi yake iliwaka bleu. Nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakaguna, kisha waliopiga makofi wakaanza kuwauliza walioguna kama walikuwa wamekosea. Anastasie alimshika Olga mkono.

"Inawaka. Njo kusema muzuri?"

"Muzuri, Mama."

"Ata kwa mwenye mimba?"

"Kama inawaka, mercure haiko."

Anastasie akalia mbele yetu, naye si mtu wa kulia ovyo. Tangu siku hiyo hakupanda tena kilimani. Nishimwe akarudi kunywa maji ya kijito, hatua chache kutoka mlangoni.

Baada ya majuma kadhaa Olga alirudi na chupa mpya kuhakikisha kazi yake. Safari hii alichota mwenyewe, palepale. Karatasi ikazimika. Papa Mbonigaba akapiga makofi peke yake: "Imezima, hatari imeisha." Olga akajaribu karatasi nyingine, nayo giza tupu. Akaduwaa, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama Anastasie, siku ile ulichota na nini?"

Anastasie akaileta icyansi, kichwa juu. Olga akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole ndani, kikatoka na mafuta. Akakinusa. Kisha akakaa chini kwenye majani.

"Maziwa yenye ilibakia humu ilikamata mercure," alisema polepole. "Ikaificha, haikufikia zile punje. Njo maana karatasi iliwaka. Ni kosa yangu, Mama. Sikupaswa kupima na chombo chenye sikijui."

"Nilileta chombo kisafi."

"Ndiyo, Mama."

"Kisafi kupita chupa yako."

"Ndiyo."

Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani. Olga alikuwa amekwisha kukubali kosa. Anastasie alikuwa ametoa kilicho bora nyumbani mwake. Na wachimbaji wa huko juu, wawili ni watoto wa dada yangu.

"Sasa zile mimba mbili," Anastasie aliuliza, "ilikuwa maji?"

"Sijui, Mama."

"Na huyu wa sasa? Ile karatasi haiwezi kumupima?"

"Inapima maji tu. Nishimwe aende hospitali, wamuangalie. Na asinywe tena."

Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma. Nishimwe alikuwa mlangoni akipukuchua maharagwe, tumbo limejaa mapajani, uso umenawiri. Alifurahi kutuona.

"Mama, leo mtoto anacheza sana," alisema. "Niko nakunywa maji mingi, vile uliniambia."

Anastasie alisimama. Niliyaona mabega yake tu.

"Mingi namna gani?" akauliza.