Ulaya Yenye Muhuri wa Kibondo

Juzi, posta ya Kasulu, mama mmoja muuza maharage aliweka barua kaunta mbele ya karani, akaifunika kwa kiganja kama anayezuia kifaranga kisitoroke.

"Mwanangu, wanasema nimeshinda safari ya Ulaya kwa bahati nasibu. Nitume ada kwanza, ndipo waniletee tiketi. Ni kweli haya?"

"Uliwahi kucheza bahati nasibu, mama?"

"Mimi? Hata karata sizijui."

"Na barua imetoka wapi?"

"Si wameandika Ulaya!"

Karani akageuza bahasha, akaweka kidole kwenye muhuri. "Hebu soma hapa."

Mama akasoma polepole: "Ki-bo-ndo." Akamgeukia karani. "Kibondo nina shemeji. Mbona hajaniambia kuwa Ulaya imehamia kwao?"

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyekumbuka ghafla kwamba baiskeli yake haijafungwa. Alitoka huku akiisokomeza bahasha yake mfukoni. Dada mmoja naye akamfuata, hakuaga.

Ningewasema sana wale wawili, maana tamaa inaniudhi. Lakini wao walikuwa bado hawajatuma ada. Mimi siku ile nilikwenda kuuliza kama tiketi yangu imefika.