Mwanamke wa Ndani ya Gari la Papa

Gari la Papa lilikuja kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, usukani upande wa kulia, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke. Kila Papa alipowasha injini, sauti ilisema sentensi moja kwa upole, kisha ikanyamaza. Mama hakuipenda.

"Uyu mwanamuke anakuambia nini kila asubui?"

Papa, dereva aliyezijua barabara zote hadi mji wa Kiwanja, hakujua Kijapani hata neno moja. Basi nikaenda madukani Birere, nikanunua kitabu kikuukuu cha Kijapani kilichoelezwa kwa Kifaransa, ili amani irudi nyumbani.

Matamshi yalikuwa mteremko: a, e, i, o, u ni zilezile zetu. Mwandiko ndio ulionitoa jasho; wana aina tatu, na ya tatu haina mwisho. Tena maneno yao mengine yanafanana na yetu. Siku moja nilikuwa sebuleni nikikariri majina ya wanyama, nikamfikia dubu. Neno lao la dubu, kwetu, halitamkwi mbele ya mzazi. Nililirudia kwa sauti mara tano, kama kitabu kilivyoagiza. Mama alitoka jikoni na mwiko wa ugali, na sikupata nafasi ya kumweleza habari za dubu.

Baada ya miezi mitatu nilielewa: mwanamke alisema kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijaingizwa. Papa alicheka hadi akakaa chini. Mama alisema tu, "Kumbe na yeye anaomba makaratasi, sawa polisi wa roulage mu barabara."

Volkano ilipolipuka na ardhi kupasuka mtaani kwetu Katoyi, alikuja mtaalamu Mjapani kupima nyufa. Nilijikaza, nikamsalimia, nikamweleza ufa ulipoanzia. Alishika tumbo akicheka.

"Matamshi yako ni safi," aliniambia kwa Kifaransa, "lakini unaongea kama gari."

Alinirekebisha asubuhi nzima huku nikimshikia utepe wa kupimia.

Baadaye waasi waliuteka mji wetu. Tukielekea mji mdogo wa Sake, walitusimamisha karibu na ziwa Lac Vert, wakakagua gari, wakaturuhusu. Papa akawasha injini. Mwanamke akasema yake. Askari mmoja akaielekezea dashibodi bunduki.

"Iko nani mule ndani?"

"Hakuna mutu, chef," nilisema, mikono juu. "Ni gari inasema Kijapani. Inasema karte haijaingia."

"Zima. Washa tena."

Papa akazima, akawasha. Nikatafsiri upya, neno kwa neno. Askari akainama dirishani.

"Merci, aksanti, wao wanasemaka namna gani?"

"Arigato."

"Arigato, mama," akaiambia dashibodi, akatupungia mkono tupite.

Tulikwenda mwendo mrefu, shati la Papa likiwa limemganda mgongoni. Kisha akauliza, "Mu kile kitabu, hawakuandika namna ya kumuambia anyamaze?"

Nikamjibu kwamba sura hiyo nilikuwa bado sijaifikia.