Nilimnyunyizia madam poda kabla ya mammogram, nikabaki na siri

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Hata salamu hii nimeifuta mara sita kabla ya kuituma.

Nilikuwa dada wa kazi Riyadh, mtaa wa Malaz, miaka ile sisi Wakenya tulikuwa tunajaza ndege kwenda Saudia. Mimi ni mtu wa Voi, na nina tatizo moja: kila kitu lazima kiwe sawasawa. Pasi, wali wa kabsa, hata Kiarabu cha kuombea radhi, vyote nilijifunza mwenyewe kwa video za simu.

Madam alikuwa na miaka hamsini na kitu. Binti yake akamwekea appointment ya mammogram, ile picha ya matiti ya kutafuta saratani mapema. Alikuwa ameikwepa miaka mitatu.

"Siumwi popote," alisema. "Niende kujitafutia ugonjwa?"

Mwishowe akakubali. Kazi ya kumwandaa ikawa yangu.

Nilimwandaa kama bi harusi. Nguo nikazifukiza udi. Sidiria nikaipiga pasi (chekeni tu), nikainyunyizia poda kwa ndani mpaka kwapani, wasije wakasema nyumba yetu ni ya wachafu. Karatasi ya maelekezo ya kliniki nayo nikaipiga pasi isiwe na mikunjo, nikaitia kwenye faili.

Sikuisoma.

Kliniki nilikaa nje na mkoba. Nikasikia nesi akimuuliza kama amejipaka poda au deodorant.

"Mafi," madam akajibu. Hakuna. Na kweli, yeye hakujipaka.

Ndipo nikafungua faili. Nyuma ya karatasi, kwa Kiingereza: usitumie poda, inaweza kutokea kwenye picha kama vidoa.

Ningeweza kugonga mlango. Nilifunga faili.

Baada ya siku mbili simu ikaja. Vidoa vyeupe vimeonekana, arudi wiki ijayo apigwe tena. Madam akaacha kula. Chai yangu, ambayo huilalamikia kila siku, akainywa bila neno. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nikampigia Mshai, rafiki yangu aliyefanya kazi Jeddah.

"Wakesho, funga huo mdomo," akasema. "Ukisema, kafili wako, huyo bosi aliyekudhamini, anakukatia tiketi ya Nairobi. Akirudia picha atakuwa ameoga. Halas, yameisha."

"Na akifa kwa presha kabla ya hapo?"

"Basi utakuwa umemuua ukiwa bado na kazi."

Nilifanya mazoezi ya kuungama mbele ya mashine ya kufulia, kwa Kiarabu, mara kumi na moja. Nilipofika kwa madam nikasahau yote. Nikaweka kopo la poda miguuni pake nikalia.

Akalitazama kopo. Akanitazama. Akacheka mpaka mtandio ukaanguka, kisha akanirushia lile kopo, kisha akala sahani mbili za wali.

"Kumbe ni poda," akasema. "Basi siendi tena."

Wakuu, hapo nikaona nimeharibu mara mbili.

"Madam, picha ikiwa mbaya si jibu," nikamwambia. "Nifukuze ukitaka, lakini kwanza twende. Safari hii nasoma karatasi."

Akaokota mtandio wake. "Yalla, twende, mpumbavu wangu."

Nilimsugua kama sufuria. Picha ya pili, vidoa vikatoweka. Vikabaki vichache tu, vimejikusanya mahali pamoja.

Hivyo havikuwa poda.

Daktari alisema ni saratani, ndiyo kwanza inaanza, kwa kupapasa na mkono usingeihisi. Akafanyiwa upasuaji, akatibiwa. Nilijua amepona siku aliyosukuma kikombe: "Hii chai au maji ya kuoshea vyombo?" Nilienda jikoni nikacheza.

Nilichojifunza ni kwamba kutoumwa si cheti cha uzima. Na nyie mlioko Saudia, vipimo vya ikama, kile kibali cha kuishi, havitafuti haya, kwa hiyo karatasi ya "fit" isiwadanganye. Ulizeni kliniki umri wenu unahitaji kipimo gani. Mimi nilienda cha mlango wa kizazi. Sikupaka kitu, na karatasi nilisoma mbele na nyuma.

Sasa amebaki mama yangu, huko Voi. Nimempigia mara nne kuhusu mammogram, na jibu lake ni lile lile: "Siumwi popote."

Wa kwenu mliwashawishi vipi? Nipeni mbinu. Poda yake nimeshaagiza ifichwe.