Ndege Isiyo na Kasoro

Wiki jana nilikuwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku Meru, nikisubiri lifti ya Nairobi pamoja na magunia ya miraa kutoka Maua. Chini ya injini fundi alikuwa ameweka karai, na oili ilidondoka ndani yake bila haraka.

"Inavuja kushinda jana," alimwambia rubani, akijipangusa mikono kwa jani la mgomba. "Leo niandike?"

Rubani alitazama saa, halafu magunia. "Ukiandika, hii ndege inalala hapa mpaka mkaguzi akuje. Na miraa ikilala ni chakula ya mbuzi."

Fundi alifunua daftari la ndege akitafuta ukurasa mtupu. Nilichungulia begani kwake. Kila ukurasa aliopita ulikuwa na maneno mawili tu: hakuna kasoro. Akayaandika tena, kwa mwandiko mzuri wa shule, kisha akachukua karai na kuirudisha ile oili ndani ya injini.

"Itafika," akasema. "Jana si ilifika?"

Kwetu miraa hukaguliwa kijiti kimoja kimoja, na kilichonyauka hutupwa. Ndege inayoibeba haikaguliwi na yeyote.

Nilikusudia kuwalaumu hao wawili mpaka mwisho wa safu hii. Lakini rubani aligeuka akaniuliza, "Mzee, unakuja ama unabaki?" Nilikuwa na mkutano saa nne. Nikatazama saa kama yeye alivyotazama, nikapanda.