Utosi wa Mama Mkwe

Msusi huyu wateja walimwita Asali, wala hawakumkosea. Ulimi hauna mfupa, lakini wake nadhani ulikosa hata mshipa. Ukimuuliza kama kusukwa kunauma, alikwambia hakuumi, huku machozi yanakulengalenga. Nywele tatu za mtu aliziita msitu. Ndiyo kazi ya saluni, alijitetea. Nani analipa ili aambiwe alivyo?

Mgongo ndio uliompeleka kwenye yoga. Kusimama nyuma ya viti vya watu kutwa nzima kulikuwa kumemkunja, na juu ya saluni yake palikuwa na ukumbi ambamo bibi mmoja mwembamba alifundisha. Asali alitarajia kunyooshwa viungo tu. Akamkuta bibi anawafundisha watu kusema. Yoga, aliwaambia, huanza kabla hujatandika mkeka: kwanza kutodhuru, yaani ahimsa, kisha ukweli, satya, na huyu wa pili hatembei bila wa kwanza. Kabla hujanena, vuta pumzi moja, ujiulize kama neno lako ni kweli, na kama litamfaa mtu au litamchoma tu.

Asali alishika nusu ya somo. Siku iliyofuata alimwambia mteja kwamba kichwa chake ni kikubwa mno, rasta za kusukia zitakwisha kabla hawajafika katikati. Mteja aliondoka amesukwa upande mmoja. Mwalimu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza, "Na ile pumzi uliivuta?"

Hakuwa ameivuta.

Mtihani wenyewe ulikuja na mama mkwe wake, mama aliyempokea kama binti wa kumzaa. Kila mwezi alikaa kwenye kiti kile kile, akataka mistari midogo ya kubana, akauliza nywele zinaendeleaje. "Zimejaa, mama, na umependeza." Hazikujaa hata kidogo. Utosini palikuwa peupe kama kiganja, na kubana kule ndiko kulikozimaliza. Asali alizilaza za pembeni kupafunika, akanyamaza.

"Zinaendeleaje, mwanangu?" mama akauliza siku moja baada ya somo lile.

Asali akavuta pumzi. Aliogopa kweli, kwa kuwa alimpenda huyu mama kuliko alivyowahi kumwambia, na neno likishatoka halirudi. Akaweka kitana chini, akazunguka, akapiga magoti mbele ya kiti. Jambo hili hakutaka kulisemea kisogoni.

"Mama, utosini zimekwisha. Tunazibana mno. Na mimi nilikuwa nakuficha."

Mama aliinua mkono, ukatua utosini pale pale, bila kupapasa. Alikuwa akijua siku zote.

"Nyoa," mama akasema. "Zote."

Alinyoa taratibu. Kila mashine ilipopita, kilijitokeza kichwa ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote ya kukishika: cha mviringo, kimekaa vizuri juu ya shingo ndefu, na paji la uso likapanda bila kukatizwa. Asali alistaajabu hadi mkono ukasita. Uzuri wote huu alikuwa akiufunika kwa vidole vyake mwenyewe, akidhani anautengeneza.

Mama akajitazama kiooni kwa muda mrefu.

"Nimependeza?"

Asali akavuta pumzi yake, ingawa safari hii neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Umependeza, mama."

Macho ya mama yakajaa maji. "Miaka yote unaniambia hivyo," akasema. "Leo ndiyo nimeamini."