Sabato Ndani ya Gari la Mikate

Gari lile halikuacha kunuka mikate. Baba alikuwa ameliosha mara nne kwa maji ya moto na majivu, akalipaka rangi ya kijani ndani na nje, lakini jua lilipopiga bati, harufu ya hamira ilichomoza upya kwenye mbao na kuchanganyika na mafuta taa ya stovu na blanketi zisizokauka. Hadi leo, karibu na tanuri la mikate, watu wengine humeza mate. Mimi hutafuta mlango uko wapi.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa darasa la saba. Baba, ambaye kwa Kikisii tulimwita Tata, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Ekerenyo, Msabato wa kweli, na mtu wa ndege. Mmisionari aliyemfundisha ujanani alimwachia darubini alipoondoka nchini, na tangu hapo baba hakuweza kupita mti bila kuinua macho. Gari alilipata kuukuu kwa mwokaji mmoja wa mjini Kisii. Akatengeneza ndani yake vitanda viwili vya mbao na rafu ya sufuria, akakata dirisha dogo ubavuni na kulitia waya. Majirani walicheka. Mtu mzima mwenye shamba la chai, wakasema, anakwenda kulala porini ili aangalie korongo!

Lakini mimi na dada yangu Moraa tulijua kwamba hatukuwa tunafuata korongo peke yao. Mama yetu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu siku ile Moraa, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, ndiye aliyepika, aliyefua, aliyechuma chai na kunisuka nywele. Kisha akampenda Okello, karani wa mjini, kijana Mkatoliki wa upande wa ziwani. Okello alipotuma wazee kuja kuzungumza, baba aliwapa chai na kuwasindikiza hadi barabarani bila kuwajibu neno. Wiki iliyofuata akatuambia tufunge mizigo. Mimi akaniita kando. Aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mama," akasema, "usimwache dada yako peke yake. Ukiona jambo, niite." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, pengine baba hakujua uzito wa ule alionitwika.

Tulipita Kisii, tukapita Masimba, tukateremka kuelekea nyanda za Wamaasai. Migomba ikaisha, milima ikabaki nyuma, nchi ikafunguka kiasi kwamba niliogopa. Baba alisimamisha gari kila mara, akitaja ndege nami nikiandika daftarini: ndege karani anayetembea kama mkaguzi wa shule, tai, hondohondo, mbayuwayu wasiohesabika. Moraa hakushuka. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa komeo, na komeo lilikuwa nje, kwa kuwa mikate haihitaji kujifungulia. Jua likizama baba alitufungia sisi wawili, kisha akalala kwenye kiti cha mbele. Alisema ni kwa sababu ya simba. Moraa alilisikiliza komeo likiingia, akageukia ukuta.

Ijumaa alasiri mvua ilitukuta kwenye udongo mweusi. Magurudumu yalizunguka, yakazama, na gari likakaa kwa tumbo lake. Baba alichimba mpaka jua lilipokaribia kutua, akaliangalia, akaosha jembe na kuliweka kando. Sabato ilikuwa inaingia, kwani kwetu huanza Ijumaa jua linapotua. Siku nzima ya kesho yake hatukugusa udongo. Mvua ilipiga bati hata wimbo wetu haukusikika, na baba alikuja kukaa nasi nyuma, magoti yetu yakigusana, Biblia mapajani mwake. Hewa ikawa nzito. Tulikula viazi baridi. Saa za mchana ule zilikuwa ndefu kuliko zote nilizopata kuishi.

Alasiri mvua ilipopungua, baba alichungulia dirishani, uso ukamng'aa. "Tazameni!" Korongo weupe wenye mbawa nyeusi walikuwa wamejaa uwandani, mamia yao, wakingoja anga iwe safi. Akatueleza kwamba hao ni wageni kutoka Ulaya, na kwamba mwezi huo ndipo wanaporudi kwao.

"Huwa wanamwomba nani ruhusa?" Moraa akauliza.

Baba aliendelea kutazama nje. "Ndege hawaachi nyumba tupu nyuma yao."

"Nyumba haikuachwa tupu na mimi, Tata."

Baba akafungua tena Biblia. Mimi nikainamia daftari langu.

Jumapili kulipambazuka kweupe. Baba alichukua panga na darubini, akavuka kilima kidogo kwenda kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, na akauacha mlango wazi. Haukupita muda, lori la ng'ombe likaja taratibu kwenye ukingo mgumu wa njia. Dereva akatuangalia kwa huruma. "Kamba yangu ilikatika jana, dada, siwezi kuwavuta. Mimi nafika Kisii. Nina nafasi ya mtu mmoja tu hapa mbele."

Moraa alikuwa tayari ameshika furushi lake. Aliinama akanishika mabega yote mawili. "Nyaboke, nyamaza tu. Mpaka lori lipite ule mgunga. Sikuombi kitu kingine maishani."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikusudia kunyamaza, Mungu ni shahidi. Lakini alipopanda, nikaliona gari lile, kitanda chake kitupu, rafu ya sufuria, na safari yote iliyobaki. Nikaiona na nyumba yetu, nami ndani yake na yule mzee asiyeongea. Mdomo ukafunguka wenyewe. "Tata! Tata!"

Baba alikuja mbio, matope hadi magotini. Dereva alipomwona na panga mkononi, alizima injini. "Dada, shuka. Mimi sitaki kesi na mzee wa watu." Moraa akashuka. Alinipita bila kuniangalia. Baba hakumpiga wala hakumkaripia. Alimpa tu mafungu ya matawi ayashike, akaanza kuchimba. Adhuhuri tulikuwa tumetoka. Tulipanda tena milimani kwa njia ndefu ya kupitia Sotik, na sasa komeo lilifungwa hata mchana. Baba alisimama kila alipoona bawa, akanitajia majina kupitia waya wa dirisha. Sikuandika hata moja.

Okello alingoja mwaka mmoja, kisha akaoa kwao. Mimi, Januari ya kwanza baada ya safari ile, nilikwenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, kisha kwa mume. Moraa alibaki. Alimtunza baba miaka kumi na saba, hadi alipomfumba macho.

Siku hizi lami imefika kote tulikopita, na mtu hutoka Kisii asubuhi akaona nyanda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Mwaka jana mjukuu wangu aliolewa na kijana wa ziwani. Wazee walikunywa soda pamoja, hakuna aliyeuliza kanisa, na Moraa ndiye aliyeongoza nyimbo. Kesho yake nilimkuta jikoni kwake akimenya ndizi za kupika. Majuto ni mjukuu, nami nilikuwa nimeyalea miaka hamsini bila kuyatamka.

"Siku ile," nikamwambia, "niliogopa kubaki peke yangu na Tata."

Moraa alimaliza ndizi aliyoishika, akachukua nyingine.

"Najua," akasema. "Hata mimi niliogopa hicho hicho."